Doa Kichwani mwa Kifaranga

Mwishoni mwa mwaka 2016 mzee mmoja wa kijiji cha jirani alifika nyumbani kwangu, nje kidogo ya mji wa Singida, akaniagiza kuku 10, majogoo watano na mitetea watano, wote weusi tii, wasio na hata unyoya mmoja wa rangi nyingine. Sikumuuliza ni wa kazi gani, kwa sababu kwetu mtu akitafuta kuku mweusi tii, mwekundu mtupu au mweupe pe, muuzaji mwenye adabu hutaja bei na kunyamaza. Wiki hiyohiyo kuku wangu wawili walikuwa wametotoa, na miongoni mwa vifaranga 21 waliokuwa wakiingia na kutoka chini ya mabawa ya mama zao, 14 walikuwa weusi. Nilimwonyesha mzee, akaridhika, nikapokea amana yake na kumwambia arudi baada ya miezi minne. Wahenga walikataza kukata mbeleko kabla mtoto hajazaliwa. Mimi niliikata, tena ya mtoto wa kuku.

Miezi minne ilipotimia, mmoja wa wale 14 alikuwa amechukuliwa na kipanga, na kati ya 13 waliobaki ni wawili tu waliokuwa weusi kama nilivyoahidi, wote mitetea. Sita walikuwa weusi mwilini, lakini shingo zao zilikuwa kama zimepakwa dhahabu, na baadhi yao walikuwa na wekundu wa kutu kifuani. Watano waliosalia walikuwa marara, kila unyoya ukiwa na mistari ya kijivu kilichokolea na nyeupe inayopishana tangu shinani hadi nchani, na hapakuwa na namna ya kuwaita weusi. Mzee alisimama mlangoni mwa banda kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, wale weusi ulionionyesha wako wapi?” Nikamjibu, “Ni hawahawa, baba.” Hakubisha, ila niliona wazi kuwa hakuniamini, na nilipomrudishia amana yake aliihesabu mara mbili.

Aibu ile ndiyo iliyoninunulisha daftari. Mpaka wakati huo nilikuwa nafuga kama alivyofuga mama yangu, kwa jogoo mmoja na mitetea wa kila namna, na rangi ya vifaranga nilikuwa naipokea kama mtu anavyopokea mvua. Jogoo wangu alikuwa mwekundu, mwenye asili ya Rhode Island, niliyemnunua kwa mfugaji mwenzangu kwa sababu ya ukubwa wake. Mitetea walikuwa mchanganyiko: wanne marara, ambao bila shaka walikuwa na damu ya Plymouth Rock kutoka kwa kuku walioletwa zamani kuboresha kuku wa vijijini, wawili weusi, na wengine wa rangi ya kahawia yenye vidoadoa, wale ambao kwetu kila kaya inao. Mayai niliyowawekea wale kuku wawili waatamie yalikuwa yamekusanywa kwa mitetea wote hao, kwa hiyo sikuwa na njia ya kusema kifaranga yupi ni wa nani.

Nilipoketi kuwahesabu upya wale kuku waliomkatisha tamaa mzee, nikaona jambo ambalo sikulitarajia: marara wote watano walikuwa majogoo, bila mtetea hata mmoja. Nilimweleza shangazi yangu, aliyekuwa akiishi nasi wakati huo, naye hakushangaa hata kidogo. “Wenye nukta kichwani ndio majogoo,” alisema. “Nilikuona unampigia hesabu mzee wa watu, nikasema nisikuingilie biashara yako.” Nikakumbuka kweli kwamba baadhi ya wale vifaranga weusi walikuwa na doa la rangi ya maziwa utosini, dogo kama punje ya mtama, na kwamba nilikuwa nimelidharau kwa kudhani litapotea pamoja na manyoya ya utotoni, kama linavyopotea lile tumbo jeupe.

Tumbo jeupe lenyewe linastahili maelezo, kwa kuwa ndilo linalowadanganya wengi kwa upande wa pili. Kifaranga atakayekuwa mweusi hazaliwi mweusi mwili mzima. Mara nyingi huzaliwa kama mtu aliyevaa koti jeusi juu ya shati jeupe, mgongo ukiwa mweusi na kidevu, tumbo na ncha za mabawa zikiwa na weupe wa manjano. Hata manyoya yake ya kwanza ya mabawa huweza kuchomoza yakiwa meupe, na asiyejua huamua kwamba kuku huyo ameharibika rangi. Mimi mwenyewe niliwahi kumuuzia jirani wawili wa namna hiyo kwa bei ya kutupa, wakiwa na wiki sita, kwa sababu ya weupe wa mabawani. Walipobadilisha manyoya wakawa weusi kiasi cha kung’aa kijani juani, na jirani huyo hakuacha kunikumbusha kila tulipokutana kisimani.

Basi mwaka 2017 nikaanza kuandika. Kila kifaranga nilimfunga uzi mguuni siku ya kwanza, kila uzi na rangi yake, na daftarini nikaandika rangi ya mgongo, ya tumbo, mistari kama ipo, doa la kichwani kama lipo, kisha safu tupu ya kujaza baada ya miezi mitano. Uzi una adabu yake, na niliijua kwa gharama: mguu wa kifaranga hunenepa upesi, na nilipopitiwa na wiki mbili za mavuno bila kulegeza, mmoja wao uzi ulimkata akabaki anachechemea maisha yake yote. Tangu hapo nililegeza kila baada ya siku chache. Mwaka huo walizaliwa vifaranga weusi tisa wenye doa kichwani, na wote tisa wakawa majogoo marara. Weusi wasio na doa, waliotokana na mitetea marara, wakawa mitetea weusi wenye dhahabu shingoni. Nilimwomba shangazi radhi kwa kumpuuza, naye akaomba kitenge.

Kwa kujiamini huko nikaanza kuuza vifaranga wa wiki mbili waliochaguliwa kwa jinsia, wenye doa kwa watu wanaotaka majogoo ya kunenepesha kwa ajili ya sikukuu, wasio na doa kwa wanaotaka mitetea wa mayai, hawa wa pili kwa bei ya juu zaidi. Biashara ilikwenda vizuri kwa mwaka mmoja. Kisha jogoo mwekundu akazeeka, tukamla, na mahali pake nikamweka mmoja wa wanawe marara, kijana mwenye kifua kipana na upanga mwekundu uliosimama wima, mzuri kiasi kwamba wageni walisimama kumtazama. Sikuona sababu ya kubadilisha kanuni. Mwaka 2018 mama mmoja mwalimu alinunua kwangu vifaranga sita wasio na doa, nikamhakikishia kuwa wote ni mitetea, na miezi michache baadaye akanipigia simu alfajiri akaiweka simu karibu na banda lake ili nisikie mwenyewe. Majogoo watatu walikuwa wakiwika.

Aliyenifungua macho ni ofisa mifugo mmoja aliyekuwa amekuja kuchanja kuku dhidi ya mdondo. Nilimsimulia habari nzima huku akinawa mikono, naye akaokota kijiti akachora ardhini. Kwa binadamu, alisema, baba ndiye anayeamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Kwa kuku anayeamua ni mama. Jogoo ana kromosomu mbili zinazofanana, yaani nyuzi ndogo sana ndani ya chembe za mwili zinazobeba urithi, zinazoitwa Z, na mtetea ana Z moja na nyingine ndogo iitwayo W. Mtoto wa kiume hupata Z kwa baba na Z kwa mama. Mtoto wa kike hupata Z kwa baba na W kwa mama. Jeni, yaani kipande cha urithi, inayotia mistari ya marara imekaa juu ya Z. Mtetea marara, kwa hiyo, hana njia ya kumrithisha binti yake umarara, kwa kuwa binti huchukua W yake, ambayo haina jeni hiyo. Umarara wake wote huenda kwa wana wa kiume. Ndiyo maana, jogoo alipokuwa mwekundu asiye na umarara kabisa, doa la kichwani liligawa vifaranga weusi wa mitetea marara kwa jinsia kama kisu kinavyogawa muhogo.

Lakini yule jogoo marara niliyemsimika alikuwa na Z moja yenye mistari, ya mama yake, na moja isiyo nayo, ya baba yake mwekundu. Naye kama jogoo huwapa Z watoto wote, wa kike na wa kiume, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kupata hii au ile. Akipandana na mtetea mweusi, nusu ya wana wana doa na nusu hawana, na mabinti ni vivyo hivyo. Doa lilikuwa bado linasema kweli kuhusu rangi, kwani kila mwenye doa alikuwa marara, ila lilikuwa limeacha kusema lolote kuhusu jinsia. Mimi nilichukua habari ya rangi nikaiuza kama habari ya jinsia, kwa sababu kwa mwaka mmoja mambo hayo mawili yalikuwa yamefuatana. Ofisa alimaliza somo lake kwa kunikaripia kwamba nimemwacha jogoo apande mama zake na dada zake, jambo ambalo halikuwa limenipitia akilini, na wiki hiyo nikabadilishana jogoo na mfugaji wa upande wa Manyoni.

Baadaye nilisoma kwamba wanasayansi walipita njia hii zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwingereza William Bateson alitumia kuku, mwaka 1902, kuonyesha kwamba kanuni za urithi ambazo Mendel alizigundua katika njegere zinafanya kazi kwa wanyama pia, na mwenzake Reginald Punnett, akiwa Cambridge, aliitumia jeni hiyohiyo ya marara mwishoni mwa miaka ya 1920 kutengeneza kuku waitwao Cambar, ambao vifaranga wao hutambulikana jinsia siku ya kwanza kwa rangi. Siri ya Cambar ni kwamba jogoo halisi wa marara ana jeni mbili na mtetea ana moja tu, kwa hiyo kifaranga wa kiume hutoka na rangi iliyopauka zaidi na doa lililotawanyika, hata pale baba na mama wote wanapokuwa marara. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, nikimfikiria profesa wa Cambridge na shangazi yangu wakiinamia kifaranga mmoja, kila mmoja akitafuta utosi.

Vifaranga wa njano walinisumbua kuliko weusi, na mpaka leo nawaogopa. Mweusi akikudanganya hukudanganya kidogo, kwa kuongeza mistari au dhahabu. Wa njano anaweza kuwa mweupe, mwekundu, wa rangi ya mchanga, au mweupe mwenye shingo na mkia mweusi. Mwaka 2019 nilinunua mitetea weupe watatu wa mayai waliokuwa wamekwisha kupunguza utagaji, wa jamii ya Leghorn, na nyumbani nilikuwa tayari na mtetea mmoja wa kienyeji mweupe vilevile, ambaye ukimweka nao kwa mbali usingeweza kumtofautisha. Wote wanne waliishi na jogoo mmoja mwekundu. Watoto wa wale watatu walitotolewa wa njano wote, wakakua weupe, baadhi yao wakiwa na madoa ya wekundu mabegani na kifuani kana kwamba wamerushiwa maji ya tope. Watoto wa yule wa kienyeji hawakuwa na mweupe hata mmoja. Walitoka wekundu na wa kahawia, na mama yao akawa anatembea nao uani kama mlezi wa watoto wa watu.

Kumbe kuna weupe wa aina mbili. Weupe wa Leghorn ni wa kutawala: jeni moja tu inatosha kuzuia weusi usitokee, ingawa wekundu haiuzuii kwa nguvu ileile, na ndiyo asili ya yale madoa mabegani. Weupe wa mtetea wangu wa kienyeji ni wa kujificha. Lazima mtoto aupate kwa baba na kwa mama ndipo uonekane, na jogoo mwekundu hakuwa nao. Rangi zote za manyoya ya kuku wetu, ukiondoa weupe, hutokana na aina mbili za melanini, yaani kemikali ya mwili inayotia rangi, moja ya weusi na nyingine ya wekundu na njano, na mweupe ni kuku ambaye rangi hizo zimezuiwa zisifike kwenye unyoya. Chini ya weupe wake kuna rangi nyingine ambayo yeye haonyeshi ila wajukuu wake wataionyesha. Tangu nilipolielewa hilo, mtu akiniletea kuku mweupe kuuza kwa ajili ya mbegu, namuuliza kwanza watoto wake wakoje.

Kuna na wale vifaranga wa njano wanaouzwa kwa bei ya chini na wachuuzi wanaopita na maboksi, ambao watu hufurahi kuwapata wakidhani ni kuku wa mayai waliopungua bei. Kuku wa mayai wekundu wa kisasa hutengenezwa kwa kupandisha jogoo mwenye rangi ya dhahabu na mtetea mwenye jeni iitwayo ya fedha, ambayo nayo imekaa juu ya Z. Kama ilivyo kwa marara, mama humpa mwanawe wa kiume tu. Basi vifaranga wa kiume hutoka wa njano iliyopauka na wa kike hutoka wekundu, na huko kwenye mashine za kutotolea hutenganishwa kwa kutazamwa tu. Wa njano kwenye boksi la mchuuzi ni majogoo. Nimewaeleza majirani hili mara nyingi, na nimewaeleza pia kwamba kanuni hiyo haizaliani: ukimchukua yule mtetea mwekundu ukampandisha na jogoo wako mwekundu, hana tena jeni ya fedha ya kumpa mtu, na vifaranga wake hawatajitenga kwa rangi.

Wenye mistari nitawataja kwa ufupi, ingawa ndio wengi zaidi katika vijiji vyetu. Kifaranga wa kahawia mwenye milia iliyokolea mgongoni, kama alivyo kifaranga wa kuku mwitu wa Asia ambao ndio asili ya kuku wote wa kufugwa, kwa kawaida atakuwa mtetea wa kahawia mwenye vidoadoa au jogoo mwekundu mwenye kifua na mkia mweusi. Baadhi ya wafugaji husoma jinsia yao kwa ule mstari wa jichoni, ambao kwa wa kike hukolea na kunyooka kama wanja na kwa wa kiume hufifia. Kwa kuku wa asili moja mstari huo husaidia; kwa kuku wangu wa damu saba nilikosea mara nyingi mno, nikaacha kuuza kwa mstari wa jicho.

Waaminifu kuliko wote ni wale wa rangi ya majivu. Mwaka 2020 nilipata jogoo na mtetea wa rangi hiyo, ambayo wateja wa mjini waliitafuta sana, nikawatenga kwenye banda lao nikitarajia watoto wa majivu watupu. Katika vifaranga 12 wa kwanza, watano walikuwa wa majivu, wanne weusi, na watatu weupe wa manjano wenye mabaka ya kijivu. Nilidhani yupo jogoo aliyeruka uzio usiku. Hapana aliyeruka: majivu ni weusi uliopunguzwa na jeni moja, na kuku mwenye jeni hiyo mara mbili hupauka mpaka kuwa na mabaka, kwa hiyo majivu kwa majivu huzaa robo weusi, nusu majivu na robo wenye mabaka. Anayetaka majivu watupu humpandisha mweusi na mwenye mabaka, yaani anatumia kuku wawili ambao hakuna hata mmoja mwenye rangi anayoitaka. Nimefanya hivyo mara nne, na haijanitupa hata mara moja. Na kifaranga wa majivu huonekana wa majivu tangu anapokauka maji ya yai, hakuna kungoja.

Yote hayo niliyaandika nikiamini kwamba rangi ni habari ya damu peke yake, mpaka mwaka 2021 ulipokuja kunisahihisha. Singida ni nchi ya alizeti, na baada ya mavuno mashudu yake hupatikana kwa bei nafuu kuliko chakula kingine chochote cha kuku, hivyo msimu ule niliwalisha vijana wangu pumba za mahindi na mashudu ya alizeti bila kitu kingine cha maana. Walikuwa kizazi cha jogoo na mitetea wekundu niliowachagua kwa makini miaka miwili, na daftarini nilikuwa nimeandika “wekundu wote” kwa kalamu, si kwa penseli. Manyoya ya mabawa yalipotokeza yalikuwa na mikanda myeupe katikati, na migongo ilikuwa imepauka kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Nikamlaumu jogoo. Nikakaribia kumuuza.

Ofisa mifugo yuleyule aliuliza kwanza wanakula nini. Akaniambia kwamba unyoya hutengenezwa kwa protini, na kwamba katika protini kuna kiungo kiitwacho laisini ambacho kikipungua, kuku wenye rangi, na hasa batamzinga, huota manyoya yenye weupe. Mahindi yana laisini kidogo, mashudu ya alizeti nayo vilevile, kwa hiyo nilikuwa nimechanganya upungufu na upungufu mwenzake. Niliongeza dagaa wa Ziwa Victoria waliosagwa na soya iliyokaangwa, na manyoya yaliyoota baada ya hapo yakatoka mekundu. Yale yenye mikanda hayakubadilika, kwa maana unyoya ukishamaliza kukua ni kitu kilichokufa kama ncha ya ukucha, na kuku hao walibeba alama ya njaa yao mabawani mpaka walipopukutisha. Pale daftarini nilikata neno “wote” nikaandika pembeni jina la chakula, na tangu siku hiyo daftari lina safu ya chakula.

Siku hizi mtu akiniuliza kifaranga atakuwa na rangi gani, namwonyesha wazazi kabla sijamwonyesha kifaranga. Kisha namwomba asubiri wiki mbili, kwa sababu manyoya ya mabawa hutangulia ya mwili, na bawa la siku ya kumi lina maneno mengi kuliko mgongo wa siku ya kwanza: marara huanza kuonyesha mistari hapo, na njano hujitenga kuwa weupe au wekundu. Kwa wiki sita anakuwa amevaa mwili mzima, lakini vazi hilo ni la ujana. Wekundu wa mabegani na manyoya marefu yenye ncha shingoni na kiunoni mwa jogoo havitokei mpaka mwezi wa tatu au zaidi, na ndivyo vinavyoleta ile dhahabu iliyoniaibisha mbele ya mzee. Kwa mteja anayetaka rangi moja tupu siuzi kuku mwenye umri chini ya miezi mitano, na sipokei amana.

Yule mzee alirudi mwaka 2022. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama bado nafuga wale weusi wanaobadilika. Nilikuwa na banda la pembeni lenye jogoo mweusi wa jamii ya Australorp na mitetea wake watano weusi, ambao kwa vizazi viwili hawakuwa wamechanganyika na kuku mwingine, na watoto wao wa miezi sita walikuwa wanane. Sikusema neno la kuwasifu. Mzee aliingia mwenyewe, akawashika mmoja mmoja, akafunua manyoya ya shingo, akanyoosha kila bawa akalitazama kwenye mwanga wa mlango, akapuliza kifuani mpaka ngozi ikaonekana. Saba aliwaweka kwenye tenga. Wa nane, jogoo mkubwa kuliko wote, alikaa naye mkononi kwa muda mrefu, akapitisha kidole chini ya shingo, akanionyesha unyoya mmoja wenye ncha ya rangi ya shaba ambao mimi sikuwahi kuuona. Akamrudisha bandani, akafunga mlango, akahesabu fedha za kuku saba.